Maisha ya Bibi Florence Nightingale, Aliyewatunza Watunzaji wa Wagonjwa

Jina la Bibi Florence Nightingale limeenea katika nchi nyingi. Kila mwaka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, wauguzi wa dunia nzima huadhimisha sikukuu yao. Watoto wa shule hufundishwa ya kuwa alikuwa mwanamke mwenye taa, aliyepita usiku kati ya vitanda vya askari wagonjwa. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Taa ile aliichukua kwa muda usiotimia miaka miwili. Baada ya hapo alikaa zaidi ya miaka 40 akifanya kazi nyingine, isiyo na sifa nyingi machoni pa watu: alifikiri jinsi kazi ya kuuguza ipasavyo kupangwa, ili mgonjwa apone, na mwenye kumtunza asivunjike mwili wala moyo.

Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa ninyi wainjilisti na wazee wa sharika. Maana katika kila usharika wako watu waendao asubuhi hospitalini au zahanatini, na wengine watunzao wazee, vilema na yatima. Twawaona wakirudi jioni wamenyamaza, wala hatujui la kuwaambia. Tena habari hii yatuhusu kwa njia nyingine, kwa kuwa mahali Bibi Nightingale alipojifunza kwanza kazi yake palikuwa nyumba ya masista wa kanisa la Kiinjili katika nchi ya Ujerumani.

1. Kuzaliwa na kulelewa kwake

Florence alizaliwa mwaka wa 1820 katika mji wa Florence nchini Italia, wazazi wake walipokuwa safarini, akaitwa kwa jina la mji ule. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri, wenye nyumba kubwa mbili, moja Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire, na nyingine Embley katika Hampshire. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, akawafundisha binti zake wawili yeye mwenyewe, hata Kilatini na Kiyunani. Florence akapenda sana hesabu, na upendo huo ulimfaa baadaye kuliko mali yote ya baba yake.

Mwezi wa Februari 1837, alipokuwa na umri wa miaka 16, aliamini ya kuwa Mungu amemwita kumtumikia. Hakujua bado ni utumishi gani. Miaka ikapita, akatambua ya kuwa ni kuuguza wagonjwa. Mwaka wa 1845 akawaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury, wakakataa kabisa. Wala tusiwalaumu upesi. Siku zile hospitali nyingi za Uingereza zilikuwa mahali pa uchafu na harufu mbaya. Wauguzi walikuwa wanawake maskini wasiofundishwa. Wengi walilala mle mle karibu na wagonjwa, wakala walichojipikia wenyewe, wakapokea mshahara mdogo, na baadhi yao wakanywa pombe ili waweze kuvumilia. Watu wakawadharau, wakisema ni wanawake wabaya kwa asili. Wachache mno waliuliza kama si kazi yenyewe, kwa jinsi ilivyopangwa, iliyowaharibu.

Basi Florence akakaa nyumbani miaka mingi, akipokea wageni na kufanya yale yaliyowapasa binti za matajiri. Saa zake zote zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Akahuzunika mno, hata mwaka wa 1850, alipotimiza miaka 30, alitamani kufa. Na tuangalie neno hili. Moyo wake ulikaribia kuvunjika, wala si kwa wingi wa kazi, bali kwa kukosa kazi yenye maana, na kwa kukosa amri yo yote juu ya siku zake mwenyewe. Kwa hiyo alijua mapema ya kuwa moyo wa mtu huweza kuugua kwa njia mbili: kwa mzigo uliozidi, na kwa kufungwa mikono.

2. Masista wa Kaiserswerth

Katika mji mdogo wa Kaiserswerth, kando ya mto Rhine, karibu na Düsseldorf, alikuwako mchungaji jina lake Theodor Fliedner. Mwaka wa 1833 yeye na mkewe Friederike walianza kumpokea mwanamke aliyetoka gerezani, wakamlaza katika kijumba cha bustani yao. Mwaka wa 1836 wakafungua hospitali na nyumba ya masista. Nyumba hiyo iliitwa nyumba mama. Wanawake waliojitoa kuhudumu walifundishwa humo, wakapewa mavazi, chakula na mahali pa kulala, wakatumwa kazini wakiwa wenye jina na heshima. Walipougua au kuzeeka, nyumba mama iliwatunza. Hivyo mwanamke maskini asiye na mume wala mali aliweza kuwatumikia wagonjwa pasipo kuogopa siku ya kesho.

Bibi Nightingale alifika huko kwanza mwaka wa 1850, akakaa majuma mawili. Mwaka wa 1851 akarudi, akakaa kama miezi mitatu akijifunza. Kazi ilikuwa ngumu. Waliamka saa kumi na moja alfajiri, chakula kilikuwa uji na mboga, na hapakuwa na anasa yo yote. Lakini yule aliyetamani kufa katika nyumba ya kitajiri alionekana hapa mwenye afya na furaha. Ni kwa nini? Kwa sababu kila mtu alijua kazi yake, alijua aliye juu yake na aliye chini yake, alikuwa na wenzake wa kuzungumza nao, tena aliiona maana ya jasho lake.

Lakini hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Katika uzee wake aliandika ya kuwa hospitali ya Kaiserswerth, kwa habari ya usafi na ufundi wa kuuguza, ilikuwa dhaifu sana. Alichosifu ni roho ya mahali pale na kujitoa kwa masista. Basi akaona ya kuwa moyo mwema ni jambo kubwa, walakini haukamilishi kazi peke yake.

3. Nyumba ya Harley Street

Mwezi wa Agosti 1853 alipewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake wagonjwa wenye elimu lakini wasio na fedha, katika barabara ya Harley Street mjini London. Hapa ndipo ilipoonekana kwanza akili yake ya pekee. Nyumba ilikuwa ya ghorofa nyingi. Muuguzi alisikia kengele, asijue ni nani amemwita. Akapanda ngazi kuuliza shauri, akashuka kuleta maji ya moto, akapanda tena, akashuka kuleta chakula. Jioni miguu yake ilikuwa imekwisha, na mgonjwa hakupata ila sehemu ndogo ya wakati wake.

Kabla hata ya kuanza kazi, Bibi Nightingale aliwaandikia wenye nyumba mambo aliyoyataka. Kwanza, maji ya moto yaletwe kwa bomba hata kila ghorofa. Pili, liwepo sanduku la kuvutwa juu kwa kamba na gurudumu, lipandishe vyakula vya wagonjwa. Tatu, kengele za wagonjwa zilie nje ya mlango wa muuguzi katika ghorofa yake, kila kengele na kifuniko chake, kifunguke inapolia na kubaki wazi, ili muuguzi ajue mara moja ni mgonjwa gani aliyeita. Akaeleza ya kuwa pasipo vitu hivyo muuguzi hana kazi ila kuwa miguu ya kupanda na kushuka.

Wasomaji wetu, na tulifikiri jambo hili. Angaliweza kuwakusanya wauguzi na kuwahubiria juu ya saburi. Lakini alitazama ngazi, akahesabu safari, akauliza ni zipi zisizo na faida kwa mgonjwa, kisha akaziondoa. Uchovu uliopunguzwa hivyo ulikuwa uchovu wa bure. Nguvu zilizobaki zikarudi kitandani pa mgonjwa, ambako muuguzi aliitwa kuwapo tangu mwanzo.

4. Vita vya Krimea

Mwaka wa 1854 Waingereza na Wafaransa walijiunga na Waturuki kupigana na Warusi katika nchi ya Krimea. Habari zikafika London kwa magazeti ya kuwa askari wagonjwa wanakufa pasipo kutunzwa. Waziri Sidney Herbert, rafiki yake Bibi Nightingale, akamwomba aende. Tarehe 21 Oktoba akaondoka na wanawake 38, na mwanzo wa mwezi wa Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Constantinople, katika kambi kubwa iliyogeuzwa kuwa hospitali.

Hapo aliona jambo lililomfundisha maisha yake yote. Waganga wengi walikuwa watu wema waliofanya kazi hata kuzimia, na askari waliowekwa kuuguza wenzao hawakuwa wakatili. Walakini shati lilikuwa ghalani na mgonjwa alikuwa uchi, kwa kuwa idara moja ilikuwa na amri ya kununua, nyingine ya kutoa, nyingine ya kuuguza, na kila moja iliingojea nyingine. Mwenye kujitahidi zaidi ndiye aliyevunjika zaidi, kwa kuwa jitihada yake iligonga ukuta. Bibi Nightingale akanunua mashati, soksi, sahani na brashi za kusugulia sakafu. Akapanga nyumba, akaweka humo mapipa ya kuchemshia maji, akawaajiri wake za askari kufua nguo. Akaweka majiko ya kupikia vyakula vya wagonjwa mahututi. Hivyo kazi zilizokuwa za kila mtu, na kwa hiyo si za mtu ye yote, zikapata wenyewe.

Hata hivyo watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855 katika kila wagonjwa 100 walikufa 42. Ndipo ilipofika tume ya usafi kutoka Uingereza mwezi wa Machi. Wakafukua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya hospitali, wakapaka kuta chokaa, wakafungua njia za hewa. Hata kufika mwezi wa Juni waliokufa walikuwa kama 2 tu katika 100. Upendo wa wauguzi haukuwa umepungua mwezi wa Februari, wala haukuongezeka mwezi wa Juni. Kilichobadilika ni nyumba waliyofanyia kazi.

Yeye mwenyewe mwezi wa Mei 1855 alishikwa na homa kali huko Balaklava, akakaribia kufa. Akapona, lakini nguvu za ujana wake hazikurudi. Alirejea nyumbani mwezi wa Agosti 1856, akiwakwepa watu waliotaka kumpokea kwa shangwe.

5. Hesabu na vitabu

Baada ya vita alikaa na mabuku ya hesabu, akisaidiwa na William Farr, mtu hodari wa kuhesabu vifo na magonjwa. Wakaona ya kuwa askari Waingereza waliokufa kwa maradhi walipita 16,000, hali waliokufa kwa silaha na majeraha hawakufika 5,000. Akachora michoro ya duara yenye rangi, ili wakubwa wasiopenda kusoma hesabu wapate kuona kwa macho. Mwaka wa 1858 alichaguliwa katika chama cha wataalamu wa hesabu cha London, mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Kisha akaandika vitabu. Mwaka wa 1859 alitoa kitabu juu ya majengo ya hospitali. Humo alionyesha ya kuwa nyumba yaweza kumchosha muuguzi au kumpumzisha. Vyumba vidogo vingi humfanya akimbie na asione. Wodi moja ndefu ya vitanda kama 30, yenye madirisha pande mbili, na chumba cha mkuu wa wodi mlangoni, humwezesha kuwaona wote kwa mtazamo mmoja. Maji ya moto na baridi yawe karibu. Muuguzi wa usiku awe na mahali pa kulala mchana pasipo kelele, kwa maana asiyelala hawezi kukesha.

Katika kitabu chake kingine juu ya kuuguza, kilichotoka wakati ule ule, aliweka sura nzima juu ya utaratibu mdogo mdogo. Shauri lake kubwa ni hili: aliye mkuu si yule afanyaye kila kitu kwa mkono wake, bali ni yule aliyepanga hivi kwamba yale yafanyikayo akiwapo yafanyike vile vile asipokuwapo. Asiyeweza kuondoka hata saa moja hajaonyesha upendo mwingi. Ameonyesha ya kuwa hajapanga.

6. Shule ya wauguzi

Watu wa Uingereza, kwa kumshukuru, walichanga fedha zaidi ya pauni 44,000. Kwa fedha hizo shule ya wauguzi ilifunguliwa mwaka wa 1860 katika hospitali ya St Thomas mjini London, na wanafunzi 15. Tunaona humo mambo aliyoyakusanya tangu Kaiserswerth na Scutari. Kila mwanafunzi alikuwa na chumba chake cha kulala, tena wote walikuwa na ukumbi wa pamoja wa kukaa na kusoma. Chakula kilipikwa na wengine, nguo zilifuliwa na wengine, na kila mmoja alipewa pauni 10 kwa mwaka kwa mahitaji yake. Mafunzo yalidumu mwaka mmoja.

Chumba cha mtu peke yake kilionekana kwa watu wengi kuwa ni kumdekeza mwanamke wa kazi. Bibi Nightingale hakukubali. Mtu aliyeshika maiti mchana, akasikia vilio vya watoto, ahitaji mlango wa kuufunga jioni. Ahitaji pia wenzake aliofanya nao kazi ile ile, wenye kumwelewa pasipo maelezo mengi. Kwa hiyo aliwapa vyote viwili: mlango wa kufunga, na ukumbi wa kukutania. Wanafunzi wa shule ile wakaenea katika hospitali nyingi za Uingereza, na hata Marekani, Kanada na Australia.

7. Vifo vya rafiki wawili

Sasa hatuna budi kueleza sehemu ya maisha yake iliyo ngumu, maana maisha ya watu wakuu yasielezwe kama kwamba hawakuwa wanadamu. Bibi Nightingale, aliyejua kuwapimia wengine kazi, hakujua kujipimia mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1857 alianguka kwa uchovu na ugonjwa, na tangu siku hizo akaishi miaka mingi chumbani, mara nyingi kitandani, akiandika usiku na mchana. Wataalamu wengine wa siku zetu hudhani ya kuwa homa ile aliyoipata Krimea ilikuwa brusela, iliyobaki mwilini mwake.

Akiwa kitandani aliwasukuma wasaidizi wake kama alivyojisukuma mwenyewe. Sidney Herbert, waziri yule, alifanya kazi naye ya kutengeneza afya ya jeshi hata mwili wake ukadhoofika kwa ugonjwa wa figo. Alipotaka kupumzika, Bibi Nightingale alimhimiza aendelee. Herbert akafa tarehe 2 Agosti 1861, hajatimiza miaka 51. Bibi Nightingale akaomboleza kwa muda mrefu.

Wa pili alikuwa Agnes Jones. Binti huyu naye alijifunza Kaiserswerth, kisha katika shule ya St Thomas. Mwaka wa 1865 alitumwa Liverpool pamoja na wauguzi 12, kwenda kutengeneza hospitali ya nyumba kubwa ya maskini, yenye wagonjwa zaidi ya 1,000. Tajiri mwema William Rathbone ndiye aliyelipa gharama. Agnes alikuta uchafu, ulevi na ugomvi. Akafanya kazi tangu kabla ya jua kuchomoza hata usiku mwingi, akisimamia jiko, nguo, wodi na wauguzi. Hospitali ikageuka, watu wakashangaa. Lakini mzigo wa watu wengi ulikuwa juu ya mabega ya mmoja. Mwezi wa Februari 1868 homa ya tifasi ikamshika, naye akiwa amechoka kabisa, akafa mwenye umri wa miaka 35.

Bibi Nightingale aliandika habari za maisha yake kwa sifa na kwa machozi. Ni rahisi kuisoma habari ya Agnes Jones na kusema: tazameni jinsi alivyojitoa. Hakika alijitoa, na sisi twamheshimu. Lakini na tuulize pia: je, wagonjwa zaidi ya 1,000 walifaidiwa na kifo chake? Alipokufa, kazi ilitikisika, maana haikuwa rahisi kumpata wa kushika mahali pake. Kama angalikuwa na wasaidizi wawili wenye amri kamili, na siku moja ya kupumzika iliyolindwa, pengine angaliishi kuwatumikia miaka 30 zaidi. Kazi inayohitaji shahidi kila mwaka ni kazi iliyopangwa vibaya.

8. Miaka yake ya mwisho

Mwaka wa 1876 Bibi Nightingale aliandika katika gazeti la The Times juu ya wauguzi waliowaendea maskini majumbani mwao London. Akaomba fedha ili wauguzi hao wapate nyumba njema ya kukaa pamoja. Alieleza ya kuwa mwanamke atokaye katika chumba cha mgonjwa maskini, chenye giza na uchafu, akirudi jioni kupika, kufua na kukaa peke yake katika chumba cha kupanga, hawezi kudumu. Lazima arudi mahali penye chakula tayari, penye usafi na wenzake, na mkuu wa kumwuliza shauri. Kwake yeye jambo hili halikuwa zawadi kwa muuguzi. Lilikuwa sehemu ya dawa ya mgonjwa.

Katika uzee wake macho yake yalipofuka, na kumbukumbu zake zikapungua. Mwaka wa 1907 mfalme Edward wa Saba alimpa nishani ya Order of Merit, ambayo mwanamke hakuwahi kupewa kabla yake. Tarehe 13 Agosti 1910 alifariki usingizini mjini London, mwenye miaka 90. Serikali ilitaka azikwe katika kanisa la Westminster Abbey pamoja na watu wakuu wa taifa. Jamaa zake wakakataa, kwa kuwa hakupenda fahari. Akazikwa karibu na Embley, katika ua wa kanisa la kijiji cha East Wellow, na juu ya kaburi pakaandikwa herufi za kwanza za jina lake tu na miaka yake.

9. Mambo tunayojifunza

Zaidi ya miaka 100 imepita. Yale aliyoyaona kwa kutazama ngazi na kengele, wataalamu wa siku zetu wameyathibitisha kwa njia zao. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika katika orodha yake ya magonjwa habari ya uchovu ule wa kazi umfanyao mtu kuishiwa nguvu, kujitenga moyoni na kazi yake, na kujiona hawezi kitu. Nalo halikuuita ugonjwa wa mtu. Lilisema hutokana na msongo wa kazini uliodumu bila kusimamiwa vema. Kisha mwaka wa 2022, baada ya korona kuwaumiza wahudumu wa afya katika kila nchi, shirika hilo lilitoa maagizo juu ya afya ya akili kazini. Humo linashauri kuitengeneza kazi yenyewe: kuwashirikisha wafanya kazi katika kupanga, kupunguza mzigo, kubadili zamu, na kuwafanya watu wasikilizane. Kumfundisha mtu mmoja mmoja jinsi ya kuvumilia kwafaa, lakini peke yake hakutoshi.

Basi na tuyapime haya katika sharika zetu. Tukiwa na zahanati, au kituo cha watoto, au nyumba ya wazee, au kikundi cha akina mama waendao kuwatazama wagonjwa, tuanze kwa kuwauliza wenye kufanya kazi: ni safari gani unazozifanya bure? Kama muuguzi huchota maji kisimani kwa ndoo mara kumi kwa siku, pipa moja na bomba vyaweza kumfaa kuliko semina tatu. Kama hukesha, ana mahali pa kulala mchana? Kama huandika vitabu vitatu vya hesabu vyenye habari zile zile, hakiwezi kimoja kutosha? Kama wakubwa wawili humwamuru mambo yanayopingana, ni nani mwenye neno la mwisho? Mama amwuguzaye mzee nyumbani miaka mingi, ni nani atakayeshika zamu yake siku moja katika juma, apate kwenda sokoni, au kukaa tu kivulini?

Tena tuwe waangalifu na sifa zetu. Muuguzi aliyechoka mara nyingi huambiwa avumilie, na akifa kazini husifiwa kaburini kwa maneno mazuri. Wahenga walisema, mchezea zuri, baya humfika. Nasi twaweza kusema ya kuwa atumiaye moyo mwema wa mwenzake pasipo kipimo, siku moja ataukuta umekwisha. Aliyeitwa kutumika ana haki ya kulala, ya kula, ya kujua mpaka wa kazi yake, na ya kusema neno katika shauri la kazi hiyo akasikiwa.

Bibi Nightingale mwenyewe hakulitimiza jambo hili katika nafsi yake, wala kwa rafiki zake wa karibu. Ndiyo sababu maisha yake yatufundisha mara mbili. Watu wenye bidii hawatapumzika kwa hiari yao, hata wakijua faida ya kupumzika. Yapasa pumziko liandikwe katika orodha ya zamu, pamoja na jina la mtu atakayeshika mahali pao. Wazee wa sharika wawezao kuandika jina hilo juma hili, na waliandike.